Mwanagenzi Mwenye Mshahara



Jioni hii nataka kuzungumza nanyi juu ya kazi ya kuwafundisha watoto wenye ulemavu: wasioona, wasiosikia, na wale ambao kusoma, kusema au kutulia ni kazi nzito kwao kuliko kwa wenzao. Kazi hii yataka mtu aliyefundishwa barabara. Basi swali langu ni hili: mtu asiye na akiba, tena ana watoto wa kulisha, aweza kujifunza kazi hii huku akipata mshahara? Na ikiwa aweza, je, mtoto anayefundishwa na mwanagenzi hupata haki yake?

Kwetu pwani, kijana atakaye useremala hupelekwa kwa fundi. Huanza kwa kufagia maranda na kushika ubao, na siku anapopewa msumeno, fundi husimama karibu naye. Akikosea, ubao huwa kuni, na hasara imekwisha. Walakini mtoto si ubao. Mwaka wa masomo ukiharibika, haurudi.

Sasa tutazame nchi ya Marekani, ambako jambo hili limewekewa sheria. Mpaka mwaka 1975 watoto zaidi ya milioni moja wenye ulemavu walikuwa hawapokewi kabisa katika shule za umma za nchi ile. Mwaka huo ilitungwa sheria kwamba kila mtoto mwenye ulemavu ana haki ya kufundishwa bila ya ada kwa jinsi imfaayo, na kwamba atakuwa na mpango wake mwenyewe ulioandikwa. Wazazi na waalimu hukaa pamoja kuufanya mpango huo, na yapasa utazamwe tena angalau mara moja kila mwaka. Katika mwaka wa shule wa 2022–23 watoto waliohudumiwa kwa sheria hiyo walikuwa kadiri ya milioni 7.5, yaani 15 katika kila wanafunzi 100 wa shule za umma. Haki ilikuwa imeandikwa, lakini waalimu wa kuitimiza hawakutosha.

Kwa sababu hiyo jimbo la California lina njia ya uanagenzi. Atakaye kuifuata sharti awe na shahada ya chuo kikuu, na tabia yake ichunguzwe. Kisha hufundishwa kwanza kwa muda wa saa 120 kabla ya kukabidhiwa darasa. Baada ya hapo hupewa cheti cha uanagenzi cha miaka miwili, akaajiriwa na shule. Mchana ni mwalimu kamili mwenye darasa lake na mshahara wake. Jioni au mwisho wa juma huwa mwanafunzi wa chuo. Akimaliza vizuri, hupata cheti cha ualimu.

Faida ya njia hii ni dhahiri. Yuko mtu ambaye amekaa miaka mingi katika darasa la namna hiyo akiwa msaidizi, akiwalisha watoto, akiwavisha, akijua kila mmoja hupenda nini na huogopa nini. Huyo angekuwa mwalimu bora, ila hawezi kuacha kazi mwaka mzima asome bila ya kipato. Mshahara wa mwanagenzi humfungulia mlango ambao umaskini uliufunga.

Lakini hatari nayo iko. Tuseme mtoto asiyesema anapiga meza na kupiga kelele kila siku saa nne. Mwalimu mgeni huona ukaidi, akamtoa nje. Mwalimu mzee wa kazi angeuliza: je, kengele haimwumizi masikio? Angemwonyesha picha ya kengele kabla haijalia, na kumfundisha kuomba kwa ishara akae mahali penye utulivu. Saa 120 za mafunzo hazitoshi kumpa mtu macho hayo. Macho hayo hupatikana kwa kukaa na aliye nayo.

Watunga kanuni wa California walilijua jambo hili. Wakaagiza kwamba mwanagenzi apate saa 144 za msaada na uangalizi kila mwaka wa shule. Mkizigawa kwa majuma 36, ni saa nne kila juma. Tena huyo amsaidiaye awe mwalimu mwenye cheti, aliyefundisha vizuri kwa miaka isiyopungua mitatu. Hapo ndipo penye kiini cha mazungumzo yangu. Mshahara humleta mwanagenzi darasani. Lakini zile saa nne ndizo zimlindazo mtoto. Shule ikitoa mshahara na kuziiba saa, imemtuma kijana afanye kazi ya fundi bila fundi.

Wengi wenu mmesikia habari za Helen Keller, aliyekuwa haoni wala hasikii. Mwalimu wake, Anne Sullivan, alifika nyumbani kwao Alabama mwezi wa Machi mwaka 1887, naye alikuwa na umri wa miaka 20 tu. Ilikuwa ajira yake ya kwanza ya ualimu. Walakini hakuja mikono mitupu. Alikuwa amesoma katika shule ya wasioona ya Perkins, amejifunza alfabeti ya vidole, na amezisoma taarifa za mwalimu aliyemtangulia katika kazi kama hiyo. Mwezi uliofuata, penye bomba la maji, mtoto yule alifahamu kwamba kila kitu kina jina.

Basi, labda miongoni mwenu, au miongoni mwa ndugu zenu walioko Marekani, yuko mtu anayeitamani kazi hii. Namsihi asione haya kujifunza huku akilipwa. Riziki ya halali haina aibu. Ila kabla ya kutia sahihi mkataba, asiulize mshahara peke yake. Aulize pia: ni nani atakayekaa nami darasani, siku gani, na saa ngapi? Akijibiwa kwa jina na kwa siku, aende. Akijibiwa kwa tabasamu tu, atafute shule nyingine. Maana atakayelipa gharama ya upweke wake ni mtoto asiyeweza kusema.

Nawatakia usiku mwema. Kwaherini.