Matairi Manne, Gari Moja: Kuchagua Matairi ya Gari la Kasi Linaloendeshwa Kila Siku

Hotuba kuhusu usalama barabarani kwa wenye magari, mafundi wa gereji na wauzaji wa matairi mjini Nakuru.

 

Nakuru ni kaunti inayopenda magari. Tangu mwaka wa 2021, Safari Rally iliporejea katika mashindano ya ubingwa wa dunia, Naivasha imekuwa ikipokea mashabiki kutoka kila pembe ya nchi, na wengi wao hufika wakiendesha Subaru zenye turbo. Mapenzi hayo hayakuanza jana. Mwaka wa 1997 Colin McRae alishinda Safari Rally akiwa ndani ya Subaru Impreza, na watoto wa wakati huo ndio wenye magari wa leo.

Lakini gari la mashindano lina kikosi cha mafundi wanaolingojea na matairi mapya. Gari la kijana wa Njoro au Bahati lina mwenyewe peke yake. Hulipeleka kazini Jumatatu, sokoni Jumamosi na kanisani Jumapili. Nguvu ya injini ni ileile, lakini pesa za matairi ni za mshahara. Hapo ndipo makosa huanza.

Chukueni mfano wa dereva mmoja. Jina lake halina haja, kwa kuwa watu kama yeye wako katika kila mtaa. Anaishi Njoro na kufanya kazi mjini Nakuru. Kila asubuhi huwabeba watoto wawili wa dada yake na kuwashusha shuleni. Gari lake ni Impreza yenye turbo, giaboksi ya mkono, inayosukumwa na magurudumu yote manne. Asubuhi moja ya mvua, gurudumu la mbele kushoto linaingia katika shimo lililojaa maji. Tairi linavimba ubavuni kama jipu. Tairi la namna hiyo haliwezi kuzibwa, kwa sababu nyuzi za ndani zimekatika. Ni la kutupwa.

Muuzaji wa kando ya barabara anamwonyesha tairi moja la mtumba kutoka Japani. "Bosi, hili bado lina meno. Nikufungie sasa hivi uende kazini." Bei ni nzuri. Matatu yaliyobaki yamechakaa nusu, lakini bado yanatembea. Kijana anatia mkono mfukoni.

Fundi mmoja mzee aliyekuwa akifunga boliti za matatu pale karibu anamzuia. "Kijana wangu, hebu pima kwanza. Hilo gari lako halipendi mguu mmoja mrefu."

Maneno ya mzee huyo yana hesabu ndani yake. Saizi moja inayoonekana sana kwenye magari haya ni 225/45R17. Tairi jipya la saizi hiyo lina mzingo wa karibu milimita 1,993. Tuseme tairi jipya lina meno ya milimita 8 na yale ya zamani yamebaki na milimita 3. Tofauti ya milimita 5 inaonekana ndogo, lakini inapunguza mzingo wa tairi la zamani kwa takriban milimita 31. Kwa hiyo katika kila kilomita moja, tairi lililochakaa huzunguka kama mara 8 zaidi ya jipya. Kutoka Njoro hadi mjini na kurudi, hizo ni mamia ya mizunguko isiyolingana, kila siku.

Gari linaloendeshwa na magurudumu mawili linaweza kuvumilia tofauti kati ya mbele na nyuma. Subaru ya magurudumu manne haivumilii. Mbele na nyuma vimeunganishwa na difu ya katikati, na katika giaboksi nyingi za mkono difu hiyo ina kifaa chenye majimaji mazito ya silikoni. Kazi ya kifaa hicho ni kusaidia pale gurudumu linapoteleza kwa muda mfupi. Matairi yasipolingana, kifaa hudhani kuna utelezi usiokwisha. Hupata joto, hukaza, na mwishowe hufa. Dalili yake ni gari kujivuta na kutetemeka linapokata kona kali, kama vile wakati wa kupaki. Subaru hushauri mizingo ya matairi yote manne isitofautiane kwa zaidi ya robo inchi, yaani kama milimita 6. Hiyo ni sawa na tofauti ya milimita moja tu ya meno.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa mwenye gari la namna hii ni hili: matatu yaliyobaki yakoje? Ikiwa bado ni karibu mapya, tofauti ikiwa ndani ya milimita moja, anaweza kununua moja la aina ileile na saizi ileile. Ikiwa yamechakaa, anahitaji manne. Akinunua moja kwa bei rahisi, deni lililobaki litalipwa na giaboksi, na giaboksi haikopeshi.

Swali la pili ni umri. Kwenye ubavu wa tairi kuna herufi DOT, na mwisho wa mfululizo wake kuna tarakimu nne. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka wa 2019. Kampuni kubwa kama Michelin hushauri tairi likaguliwe kila mwaka baada ya kutumika miaka 5, na libadilishwe likifika miaka 10 hata kama meno yamebaki. Mpira huzeeka kwa jua, joto na hewa. Hukauka na kupasuka mipasuko midogo ambayo rangi nyeusi ya kung'arisha huificha vizuri. Gari la mtumba linaruhusiwa kuingia Kenya likiwa na umri usiozidi miaka 8, kwa hiyo linaweza kushuka bandarini Mombasa na matairi yenye umri huohuo. Anayelinunua huangalia rangi, turbo na redio. Tarakimu hizo nne ndizo za kuangaliwa kwanza.

Swali la tatu ni tairi lilitengenezwa kwa hali gani ya hewa. Kaskazini mwa Japani theluji huanguka kila mwaka, na madereva huko hufunga matairi maalumu ya barafu. Ubavuni huandikwa STUDLESS, au huwa na alama ya mlima wenye chembe ya theluji ndani yake. Mpira wake ni laini sana, na meno yake yamekatwakatwa mistari mingi myembamba. Kwenye theluji ni mkombozi. Kwenye lami ya Nakuru yenye jua la saa saba, huisha upesi. Kwenye lami yenye maji, gari huchukua umbali mrefu zaidi kusimama. Matairi hayo huuzwa hapa kama mtumba wenye meno mengi, na mnunuzi hudhani amepata bahati.

Lile tairi la kando ya barabara lilikuwa hivyo. Fundi mzee aliligeuza, akasugua vumbi kwa kidole, na neno lenyewe likaonekana.

Baada ya hapo huja uchaguzi wenyewe. Ubavu wa tairi husomeka kama kitambulisho. Katika 225/45R17 94W, namba 225 ni upana kwa milimita. 45 ni asilimia ya upana huo ambayo ni urefu wa ubavu. R ni muundo wa nyuzi za ndani. 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. 94 ni uzito ambao tairi moja linaweza kubeba, kilo 670. W ni kasi ya juu linayoweza kustahimili, kilomita 270 kwa saa, V ni 240 na H ni 210. Saizi sahihi na kiasi cha upepo vimeandikwa kwenye stika iliyo kando ya mlango wa dereva.

Wapo watakaouliza: sheria yenyewe hairuhusu kupita kilomita 110 kwa saa hata kwenye barabara kuu, W ni ya nini? Herufi hiyo haimpi mtu ruhusa ya kukimbia. Inaeleza tairi linavyostahimili joto na linavyoshikilia umbo lake gari lenye nguvu linapofunga breki au kukata kona ghafla. Asishuke chini ya herufi na namba ya uzito vilivyowekwa na mtengenezaji wa gari.

Wapo pia wanaotaka rimu kubwa zaidi na tairi jembamba linaloonekana kama utepe. Kwenye picha linapendeza. Kwenye matuta na mashimo, ubavu mfupi hauna mto wa kupokea pigo, na rimu hupinda au kupasuka. Kwa gari la kila siku, saizi ya kiwandani ndiyo ya busara.

Tairi laini la mashindano nalo halifai kwa safari ya kazini. Matairi mengi yana neno TREADWEAR na namba mbele yake. Namba ikiwa karibu 200, mpira ni laini, hushika sana na huisha haraka. Kati ya 300 na 500, tairi hudumu zaidi. Namba hiyo hutolewa na kampuni yenyewe, kwa hiyo haifai kulinganisha kampuni mbili kwa ukali, lakini huonyesha njia. Karibu nayo kuna neno TRACTION, linaloeleza jinsi tairi linavyosimama kwenye maji: AA ni bora, A ni nzuri. Dereva wa Njoro, anayeondoka alfajiri wakati wa mvua za masika, anahitaji herufi hiyo kuliko namba ya kasi.

Kuhusu bei, hesabu ifanywe kwa kilomita. Kwa mfano tu, tairi la shilingi 6,000 likidumu kilomita 10,000, kila kilomita imegharimu senti 60. La shilingi 18,000 likidumu kilomita 45,000, kila kilomita ni senti 40. Rahisi ni ghali, na hapo difu bado haijahesabiwa. Mnunuzi adai risiti na aangalie tarehe ya kila tairi kabla halijafungwa. Akisubiri lifungwe ndipo aangalie, amechelewa.

Baada ya kununua, kazi haijaisha. Tairi lenye mshale lifungwe kufuata mshale. Lenye neno OUTSIDE, upande huo utazame nje. Magurudumu yapimwe balansi na alaimenti. Nati zikazwe tena baada ya kilomita chache. Kila baada ya kilomita 8,000 hivi, matairi yabadilishane nafasi ili yachakae sawasawa, na upepo upimwe angalau mara moja kwa mwezi, asubuhi kabla gari halijatembea. Ndani ya mifereji ya tairi kuna vituta vidogo vyenye kimo cha milimita 1.6. Meno yakilingana navyo, tairi limekwisha. Kwa gari lenye nguvu linalotembea kwenye mvua, ni busara kubadilisha kabla ya kufika hapo, kwa maana meno mafupi hayawezi kuondoa maji, na gari huelea juu yake kama mtumbwi.

Mabibi na mabwana, gari zima hugusa barabara kwa vipande vinne tu vya mpira, kila kimoja kikubwa kama kiganja cha mtu mzima. Breki, usukani na turbo vyote hufanya kazi kupitia viganja hivyo vinne. Kasi ikiongezeka maradufu, umbali wa kufunga breki huongezeka mara nne. Wanaoteremka kutoka Mau Summit kupitia Sachangwan na Salgaa wanajua maana yake, na familia nyingi katika kaunti hii zinaijua kwa uchungu.

Dereva wa Njoro hakuwa na pesa za matairi manne siku hiyo. Aliliacha gari gereji na kupanda matatu kwa wiki tatu, watoto wa dada yake wakiwa pembeni mwake. Alikuwa ameweka akiba ya ekzosi mpya, ile yenye mlio wa kuamsha mtaa. Aliiacha akanunua matairi manne ya aina moja, ya saizi ya kiwandani, yenye herufi nzuri ya maji na tarehe ya hivi karibuni. Marafiki walimcheka kwamba gari limepoa.

Mfano huu ni wa dereva mmoja, lakini uamuzi ni wa kila mwenye gari. Kesho asubuhi, kabla ya kuwasha injini, kila mmoja azunguke gari lake, ainame, na asome tarakimu nne kwenye kila tairi. Kazi hiyo haichukui dakika tano, wala haina malipo.