Mchoraji wa Cornwall na Urithi wa Wazee Wake



Kusini-magharibi kabisa mwa Uingereza iko Cornwall, nchi ya miamba, upepo na mawimbi ya bahari ya Atlantiki. Huko, katika mji wa St Ives, alizaliwa mchoraji Peter Lanyon mwaka 1918. Pwani ile imewavuta wachoraji wengi, na wengi wao walikuwa wageni. Yeye alikuwa mzaliwa. Ukoo wake ulikuwa miongoni mwa walionufaika na migodi, na jambo hilo halikumpa raha.

Karibu na mji wa St Just, ukingoni mwa majabali, palikuwa na mgodi wa Levant, ambao njia zake zilipita chini ya bahari yenyewe. Wachimbaji walishuka na kupanda kwa mlingoti mrefu wa mbao ulioning'inizwa shimoni, wenye vidato vya kukanyaga, ambao injini ya mvuke iliuinua na kuushusha. Mtu alitoka kidatoni akasimama ukutani, akangoja kidato kinachofuata. Tarehe 20 Oktoba 1919, zamu ikipanda kurudi nyumbani, kiungo cha juu kilikatika. Mlingoti ukaanguka pamoja na watu. Walikufa 31.

Lanyon wakati huo hajatimiza miaka miwili. Angeweza kusema: mimi nahusikaje? Lakini mwaka 1953 alimaliza picha kubwa aliyoiita St Just. Si mandhari ya kupendezesha sebule. Ni nchi ya kijani iliyopasuliwa katikati kwa mstari mweusi, toka juu hata chini. Mstari ule ni shimo la mgodi, nao ni msalaba pia. Mwenyewe aliifikiri picha hiyo kuwa ya Kusulubiwa.

Na tukae hapo kidogo. Nabii Ezekieli atufundisha kwamba mwana hauchukui uovu wa baba yake. Ni kweli, na tumshukuru Mungu. Hata hivyo Nehemia, alipoulilia mji wa Yerusalemu uliobomoka, aliungama dhambi zake pamoja na za nyumba ya baba yake. Hukumu ya wazee hatuirithi. Shamba lao twalirithi, na pamoja nalo machozi yaliyomwagika juu yake.

Sisi tunaojivunia wazee wetu, na ni vema kujivunia, tunavyo visa vya nyumbani visivyosemwa mbele ya watoto: mpaka uliosogezwa usiku, mjane aliyefukuzwa, kibarua aliyenyimwa ujira wake. Waliotenda wamekwisha kuzikwa, tena kwa Misa. Mahindi bado yavunwa pale pale. Na mjukuu wa mjane yule huenda ameketi nasi benchi moja kanisani Jumapili hii, naye ameonyeshwa na mama yake mahali mpaka wa zamani ulipopita.