Baba na Watoto Wadogo Nyumbani

  

 Maneno ya leo yanahusu jambo ambalo katika mikutano halipewi nafasi. Ndoa huzungumzwa, talaka huzungumzwa, mirathi na mahari huzungumzwa mpaka usiku ukaingia. Lakini mtoto aliye chini ya miaka saba hana msemaji. Baba huanza kuulizwa habari zake mtoto anapofika umri wa kuamrishwa sala. Kabla ya hapo huhesabiwa kuwa ni kazi ya mama, na ya bibi, na ya dada zake wakubwa. Desturi hii imeenea kiasi ambacho wengi huidhania kuwa ni dini. Nayo si dini hata kidogo.

Hebu itazamwe nyumba moja katika mtaa wa Buyenzi, mjini Bujumbura. Mtaa huo unajulikana kwa Waswahili wake tangu zamani za utawala wa Wabelgiji, barabara zake zinaitwa kwa namba, na mafundi wake wa magari wana sifa Burundi nzima. Mwenye nyumba ni fundi. Ameamka kwa sala ya Alfajiri, amerudi, amekunywa chai yake na andazi, ameondoka. Nyuma yake mama amekwisha kuwasha mkaa na kubandika uji. Mtoto wa miaka sita anatafuta daftari lake la shule. Wa miaka mitatu ameng'ang'ania kuvaa viatu vya kaka yake. Mchanga analia mgongoni. Ikiwa ni siku ambayo bomba halitoi maji, basi mama huyo ana safari nyingine ya ndoo kabla jua halijapanda. Adhuhuri kuna maharage au ndagala za kupika, kuna nguo za kufua, kuna mtoto aliyeanguka na mtoto aliyempiga mtoto wa jirani. Kazi hizi hazina siku ya mapumziko, na mwisho wa mwezi hakuna anayezilipa.

Baba anarudi baada ya Magharibi. Amechoka, na uchovu wake ni wa halali, maana kutafuta riziki ya watoto ni ibada. Lakini neno la kwanza linalosikika nyumbani anapoingia ni hili: "Nyamazeni, baba amekuja!" Watoto waliokuwa wakicheka wanakaa kimya. Mchana kutwa wametishiwa kwa jina lake: "Ngoja baba yako aje." Kwa hiyo kuja kwa baba ndiko kuja kwa hukumu. Anakula peke yake, au na mgeni wake. Kisha anatoka kwenda barazani kunywa kahawa mpaka baada ya Isha, au siku hizi anabaki ndani akaitazama simu yake mpaka macho yakafumba. Mtoto wa miaka mitatu amesimama mlangoni anamtazama. Hajui kama anaruhusiwa kusogea.

Mtu huyu si mwovu. Analipa kodi ya nyumba, analisha, anavisha. Akiulizwa atasema kuwa ametimiza wajibu wake, na katika nafaka na nguo amesema kweli.

Sasa na utazamwe mwenendo wa Bwana Mtume (S.A.W.), ambaye shughuli zake zilikuwa kubwa kuliko za fundi yeyote. Alikuwa kiongozi wa watu, mwamuzi wao, na mkuu wa majeshi. Hata hivyo Bibi Aisha (R.A.) alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, alieleza kuwa alikuwa katika kazi za watu wa nyumbani kwake, na wakati wa sala ulipofika alitoka. Abu Qatada amepokea kuwa Mtume alisalisha watu hali amembeba Umama, mtoto mdogo wa binti yake Zaynab. Alipokwenda kusujudu alimweka chini, na aliposimama alimnyanyua tena. Jambo hili lilitendeka mbele ya watu, ndani ya sala. Tena Umama alikuwa mtoto wa kike, katika taifa ambalo muda mfupi kabla yake wako waliowazika watoto wa kike wakiwa hai. Wako wanaume leo wanaoona haya kumbeba binti yao kutoka nyumbani hadi dukani, wasije wakachekwa na vijana wa kijiweni.

Siku nyingine alirefusha sijda mpaka masahaba wakadhani limetokea jambo au wahyi unashuka. Baadaye aliwaambia kuwa mjukuu wake alikuwa amempanda mgongoni, naye akachukia kumharakisha kabla hajatosheka. Na siku nyingine akiwa juu ya mimbari anahutubu, aliwaona Hasan na Husein wanakuja wanajikwaa katika kanzu zao nyekundu, akakata hotuba yake, akashuka akawachukua. Aliposikia mtoto analia katika sala ya jamaa, aliifupisha, kwa kuihurumia roho ya mama aliye nyuma yake. Misikitini leo, mtoto akilia, kuna wazee wanaogeuza shingo na kumtazama mama yule kana kwamba ameingia na mbuzi.

Wanaume wengi hukimbia watoto wachanga kwa sababu ya nguo. Kanzu ni nyeupe, Ijumaa imefika, na mtoto hana habari. Ummu Qays binti Mihsan alimleta mwanawe mchanga ambaye alikuwa hajaanza kula chakula. Mtume akampakata, mtoto akakojoa juu ya nguo yake. Mtume hakumtupa, wala hakumkemea mama. Aliagiza maji, akayanyunyiza pahali pale, basi. Mafakihi wamechukua katika kisa hiki hukumu za tohara, na wamefanya vizuri. Lakini kabla ya hukumu ya maji kuna jambo jingine la kutazamwa, nalo ni kuwa mtoto yule alikuwa mapajani mwake.

Na katika kula pia. Umar bin Abi Salama, mtoto aliyelelewa nyumbani kwa Mtume, alikuwa akizungusha mkono wake sahani nzima. Mtume akamfundisha mambo matatu: kutaja jina la Mwenyezi Mungu, kula kwa mkono wa kulia, na kula kilicho mbele yake. Mafunzo hayo mtoto aliyapata kwa sababu mkono wake na mkono wa Mtume ulikuwa katika sahani moja. Baba anayekula peke yake chumbani atamfundisha nani adabu ya kula? Atakuja kulalamika baadaye kuwa watoto wa siku hizi hawana adabu, na lawama ataitia kwa mama yao.

Hapa wazee huleta hoja, nayo haifai kupuuzwa. Husema kuwa mtoto akimzoea baba atamdharau. Kwamba heshima ya baba ni kuogopwa. Hoja hii ni ya zamani. Al-Aqra bin Habis, mkuu wa kabila, alimwona Mtume anambusu Hasan, akastaajabu, akasema kuwa yeye ana watoto kumi na hajambusu hata mmoja. Mtume alimjibu kuwa asiyehurumia hahurumiwi. Na Anas bin Malik, aliyemtumikia Mtume miaka 10 tangu utoto wake, alisimulia kuwa hakuambiwa naye hata "ah!" katika miaka yote hiyo. Je, Anas alimdharau Mtume? Aliishi umri mrefu akiyahifadhi maneno yake na kuyafikisha kwa watu. Ibn Khaldun naye, katika Muqaddima yake aliyoiandika mwaka 1377, ana mlango mzima wa kueleza kuwa ukali mwingi huwadhuru wanaofundishwa, hasa wadogo, kwa kuwa huwafunza uwongo na hila ili wauepuke mkono unaowapiga. Walimu wa vyuo ambao fimbo yao hukauka mapema kuliko wino wao wangefaa kuusoma mlango huo.

Uwongo huo na hila hiyo si jambo la tabia tu. Mara nyingine ni jambo la uhai. Katika nyumba za mafundi kuna chupa. Mafuta ya taa, petroli, hata maji ya betri, hutiwa katika chupa ya soda na kuwekwa chini ya kitanda. Mtoto wa miaka minne ana kiu, anakunywa. Anajua kuwa amegusa kitu cha baba, basi anajificha. Anaonekana baada ya muda, anakohoa, na pumzi imekuwa nzito. Ingekuwa anamkimbilia baba yake badala ya kumkimbia, ule muda usingepotea. Na lijulikane hili, kwa sababu wengi hukosea: mtoto aliyekunywa mafuta ya taa au petroli asitapishwe, maana mafuta yakirudi juu huweza kuingia mapafuni, na hiyo ndiyo hatari yake kubwa. Wala aliyekunywa maji ya betri asitapishwe, maana yatamwunguza koo mara ya pili. Apelekwe hospitali upesi, na chupa ile ichukuliwe pamoja naye ili daktari aione. Lililo bora kuliko yote ni kwamba vitu hivyo visikae nyumbani, na vikikaa, visiwe katika chupa ya kinywaji.

Kadhalika homa. Tangu mwaka 2006 serikali ya Burundi iliondoa malipo ya matibabu kwa watoto walio chini ya miaka mitano katika vituo vya serikali. Hata hivyo mama wengi hungoja. Wanangoja baba arudi aamue, atoe nauli, aseme kama homa hii ni ya kwenda hospitali au ya kungojewa mpaka asubuhi. Malaria ya mtoto mdogo haingojei. Waganga husema atibiwe kabla ya saa 24 kupita tangu homa kuanza, maana huweza kupanda kichwani kwa muda mfupi. Baba anayemjua mtoto wake, anayejua jinsi anavyocheza akiwa mzima na anavyonyong'onyea akiwa mgonjwa, huamua kwa dakika moja. Asiyemjua huuliza, "Alianza lini?" na huku jibu lilikuwa linalala naye chumba kimoja. Tena yafaa baba ampe mama ruhusa na nauli mapema, kabla ya ugonjwa, ili asiwe na wa kumngoja.

Hali ya kuhara ni hiyo hiyo. Kila baba angepasa kujua kutengeneza maji ya chumvi na sukari kwa mkono wake mwenyewe: lita moja ya maji safi yaliyochemshwa na kupozwa, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Chumvi isizidi. Mtoto apewe kidogo kidogo, na anayenyonya aendelee kunyonya, na huku safari ya kituo cha afya inatayarishwa. Huko atapewa dawa ya zinki na pakiti za unga uliokwisha pimwa. Kumnywesha mtoto kijiko baada ya kijiko usiku kucha ni kazi ya watu wawili. Mmoja akilala, mwingine anakesha.

Huenda ikasemwa kuwa fundi arudiye usiku hana wakati. Ni kweli kwamba hana saa nyingi. Lakini baina ya Magharibi na Isha kuna muda unaotosha kumwogesha mtoto mmoja wakati mama anapakua chakula, na kula naye sahani moja, na kumsikiliza. Kuoga peke yake ni mazungumzo: hapo huonekana kidonda cha mguuni, na jino linalotikisika, na alama ya fimbo ambayo mama hakuambiwa. Mtoto wa kike na wa kiume wote wana haki hiyo. Na azungumze nao kwa lugha ya nyumbani. Mtoto wa Buyenzi atakutana na Kirundi na Kifaransa shuleni, na Kiarabu chuoni. Hahitaji baba anayerudi kutoka ofisini na kumwuliza habari za siku kwa Kifaransa ili majirani wasikie.

Masuali ya watoto nayo ni mengi, na mengine yanachosha. Mtume alimwuliza mtoto Abu Umayr habari za ndege wake mdogo aliyekufa, na mambo ya Madina yote yakimngoja. Mtoto akiuliza maji ya Ziwa Tanganyika yanatoka wapi na yanakwenda wapi, asiambiwe, "Nyamaza, ule." Aambiwe kuwa Mto Rusizi, ambao ameuona akienda Gatumba, ni mmoja katika mito inayoleta maji, na kwamba upande wa pili, huko Kalemie katika Kongo, uko mto uitwao Lukuga unaoyachukua, ukayapeleka mbali mpaka yakaifikia bahari ya magharibi. Na kwamba mvua zikizidi, Lukuga hauwahi kuyatoa yote, ndiyo maana katika miaka ya 2020 na 2024 ziwa lilipanda likaingia katika nyumba za watu. Atauliza tena watu hao walilala wapi. Hapo baba atakuwa na la kusema mpaka adhana ya Isha.