Vali ya Chini ya Kompresa Ikivuja: Irekebishwe, Isizibwe



Kutoka Mwingi, Kitui mjini na Mutomo hadi Wote, Makindu, Kibwezi na Mtito Andei, mlio wa kompresa umezoeleka. Mashine hii hujaza upepo magurudumu ya bodaboda na malori, hupuliza vumbi na hupaka rangi milango ya vyuma. Mwenyewe huangalia oili, mkanda na mpira wa upepo. Sehemu inayosahaulika iko chini ya tangi, mahali ambapo jicho halifiki: vali ya kutolea maji.

Maji hayo hutoka wapi? Hewa ina unyevu, hata wakati wa kiangazi. Kompresa inapoibana hewa, kisha hewa ikapoa ndani ya tangi, unyevu hugeuka kuwa matone na kushuka chini. Msimu wa mvua maji huzidi. Yasipotolewa, hula chuma kutoka ndani. Rangi ya nje inaweza kuendelea kung'aa huku ukuta wa tangi ukizidi kuwa mwembamba.

Hapo ndipo hatari ilipo. Kompresa nyingi ndogo hufanya kazi kwa bar 8 hivi, yaani psi 116. Kwa kipimo hicho, kila kipande cha ukuta wa tangi chenye upana wa sentimita 10 na urefu wa sentimita 10 husukumwa kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 800. Chuma kilicholiwa na kutu kikishindwa kuhimili, tangi hupasuka ghafla na vipande huruka. Aliye karibu hapati nafasi ya kukimbia.

Vali ikianza kuvuja, wapo wanaoifunga kwa mpira wa tyubu, wanaoing'oa na kuweka bolti, na wanaopeleka tangi kwa fundi wa kuchomelea ili tundu lizibwe kabisa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini ufa huu una namna yake ya kuzibwa. Tangi lisilo na njia ya kutolea maji linaoza ndani bila mtu kujua, na moto wa kuchomelea unaweza kuudhoofisha ukuta ambao tayari umekonda.

Kuirekebisha vali si kazi kubwa. Kwanza, fundi hujaza upepo kidogo tu, psi 20 hivi, na kuzima mashine. Kisha hupaka maji ya sabuni chini ya tangi na kutazama povu linatokea wapi. Povu likitoka kwenye mdomo wa vali, huenda uchafu umekwama ndani au mpira wake umeisha. Likitoka kwenye nyuzi, pale vali inapoingia kwenye tangi, tepu ya nyuzi imechakaa au vali imelegea. Likitoka kwenye chuma chenyewe au kwenye mshono wake, ukarabati unaishia hapo: tangi hilo halifai tena.

Ikiwa ni uchafu, kuifungua na kuifunga vali mara mbili au tatu kwa upepo huo mdogo mara nyingi huutoa. Fundi avae miwani ya kazi na asiweke uso mbele ya tundu. Kukaza vali kwa koleo kwa nguvu nyingi huiharibu zaidi.

Ikiwa vali imeisha, hubadilishwa. Fundi huchomoa waya wa umeme, hutoa upepo wote hadi geji isome sifuri, kisha huacha vali wazi ili kuhakikisha hakuna kilichobaki, kwa maana geji nayo huharibika. Vali iliyofunguliwa kwa spana huku tangi lina upepo inaweza kuruka kama risasi. Vali ya zamani hupelekwa dukani ili ilinganishwe na mpya, kwa sababu nyuzi zinatofautiana na zisizolingana hazipaswi kulazimishwa. Nyuzi za tangi husafishwa, vali mpya huzungushiwa tepu nyeupe wanayotumia mafundi wa bomba, mara tatu au nne kufuata upande wa kukaza, kisha hukazwa kwa kiasi. Mwishowe tangi hujazwa polepole na kupimwa tena kwa sabuni.

Maji yanayotoka wakati wa kazi hii nayo yana habari. Yakiwa mekundu na yenye magamba ya kutu, tangi lipelekwe kukaguliwa kabla ya kujazwa tena.

Wenye biashara wakumbuke kwamba kibanda cha pancha ni mahali pa kazi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inagusa pia matangi ya upepo: inataka yawe na alama ya kipimo salama, vali ya usalama, geji sahihi na kifaa cha kutolea maji, na yakaguliwe na mtu aliyeidhinishwa. Kwa hiyo anayeziba vali ya chini anaondoa kitu kinachotakiwa na sheria.

Kinga yenyewe haichukui hata dakika mbili. Kila jioni kazi ikiisha, mashine izimwe, upepo upunguzwe, vali ifunguliwe polepole hadi maji yaishe, na iachwe wazi hadi asubuhi. Kijana anayefundishwa kazi apewe jukumu hilo tangu siku ya kwanza, kwa sababu mara nyingi ndiye anayechuchumaa karibu na tangi akijaza gurudumu la mteja.