Makaburu Walivyokwama Cuito Cuanavale



Kila tarehe 23 Machi nchi za SADC huadhimisha Siku ya Ukombozi wa Kusini mwa Afrika. Siku hiyo mwaka 1988, jeshi la makaburu wa Afrika Kusini lilishambulia kwa mara ya mwisho ngome ya Tumpo, ng'ambo ya mto kutoka mji mdogo wa Cuito Cuanavale, kusini-mashariki mwa Angola. Likashindwa. Je, jeshi lililojigamba kuwa halina mpinzani Kusini mwa Afrika lilikwamishwa na nini?

Ukweli hauna budi kusemwa wote. Vita hivyo vilianza kwa pigo kwa jeshi la Angola, FAPLA. Mwaka 1987 lilisonga kuelekea Mavinga ili kuwang'oa vibaraka wa UNITA, lakini Pretoria ikaingilia kati kwa mizinga, ndege na magari ya deraya. Tarehe 3 Oktoba, kando ya mto Lomba, Brigedi ya 47 ilisambaratishwa. Vikosi vilivyosalia vilirudi hadi Cuito Cuanavale, adui akivifuata.

Hapo ndipo utayari wa washirika ulipopimwa. Mwezi Novemba Cuba iliamua kuongeza majeshi, na makamanda wake wakaupanga ulinzi upya pamoja na wenzao wa Angola. Safu zilizotawanyika zilikusanywa, mahandaki yakachimbwa, mabomu yakategwa ardhini, na mizinga ikawekwa magharibi ya mto ikilenga njia za adui.

Makaburu walishambulia Tumpo tarehe 25 Februari, 1 Machi na 23 Machi. Kila mara vifaru vyao vilinasa katika mabomu hayo, huku mizinga ikivimiminia moto. Mara ya mwisho waliacha vifaru vitatu uwanjani. Baadaye majenerali wao walidai kwamba hawakukusudia kuuteka mji. Hata hivyo, azma yao ya kuwafukuza watetezi kutoka mashariki ya mto haikutimia.

Kosa lao lilikuwa kudhani kwamba aliyeshindwa Lomba hakujifunza kitu. Tena, vikwazo vya silaha vya Umoja wa Mataifa vya mwaka 1977 viliwawia vigumu kupata ndege mpya za kivita badala ya zile zilizopotea, na utawala wao uliogopa vifo vya vijana wa Kizungu walioandikishwa jeshini kwa lazima.

Wakati huo huo, majeshi ya Cuba na Angola, pamoja na wapiganaji wa SWAPO, yalisogea kusini-magharibi hadi karibu na mpaka wa Namibia. Tarehe 27 Juni ndege za Cuba zilipiga bwawa la Calueque. Mazungumzo yaliyokuwa yakiendelea yalimalizika kwa mkataba uliotiwa saini New York tarehe 22 Desemba 1988, na Namibia ikawa huru tarehe 21 Machi 1990.

Mwaka 2003 nchi za SADC zilitia saini, jijini Dar es Salaam, Mkataba wa Ulinzi wa Pamoja. Mkono mmoja hauchinji ng'ombe. Lakini mkataba peke yake hausimamishi kifaru. Kilichowasimamisha makaburu ni washirika waliokiri kosa, wakapanga pamoja, na kuchimba handaki kabla adui hajafika.