Daftari la Mgonjwa ni Amana

(Yafuatayo ni mazungumzo ya mwandishi wetu mbele ya walimu na watumishi wa umma.)



Jambo nililoombwa kulizungumza laweza kuonekana kuwa ni la waganga na wataalamu wa takwimu peke yao: matumizi ya kumbukumbu za wagonjwa wa zahanati na vituo vya afya katika kuchunguza uraibu wa pombe, wa dawa za kulevya na hata wa dawa za hospitali. Lakini nionavyo mimi, ni jambo letu sote. Mwalimu ana rejesta na majalada ya wanafunzi. Mtumishi wa umma ana masijala. Kila mmoja wetu anatunza maneno ya watu wengine, na kila siku anaamua nani ayaone na nani asiyaone. Swali lililo mbele yetu ni hili: maneno ambayo mgonjwa alimwambia mganga wake faraghani, je, yaweza kutumika kwa faida ya umma bila ya kumsaliti aliyeyasema?

Jibu langu ni kwamba yaweza, kwa masharti; na masharti hayo yakivunjwa, uchunguzi wenyewe hufa pamoja na imani ya mgonjwa.

Tuanze na faida. Katika kijiji cha Aysgarth, kaskazini mwa Uingereza, alikuwako daktari mmoja aitwaye William Pickles. Hakuwa na maabara kubwa wala idara ya utafiti. Alikuwa na kalamu na daftari, na humo aliandika wagonjwa wa maradhi ya kuambukiza aliowaona katika vijiji vyake, tarehe waliyougua na watu waliokutana nao. Kwa kuwa aliwajua watu wake na njia zao, aliweza kufuata maradhi yalivyopita kutoka nyumba hadi nyumba, na kukadiria siku ambazo ugonjwa hujificha mwilini kabla ya kujitokeza. Mwaka 1939 alitoa kitabu juu ya kazi hiyo. Mwaka 1953, madaktari wa aina yake walipokuwa wamekwisha kuunda chuo chao, walimfanya kuwa rais wake wa kwanza. Hivyo, daftari la mganga wa kijijini likitunzwa vizuri laweza kuifundisha dunia.

Katika uraibu faida hiyo ni kubwa zaidi. Polisi humwona mraibu siku anapokamatwa. Hospitali kubwa humwona siku anapoletwa amezirai. Bali mganga wa karibu na nyumbani humwona miaka mingi kabla ya siku hizo: amekuja kulalamikia kukosa usingizi, mara tumbo, mara kidonda kisichopona, mara ameanguka na kuumia bila ya kueleza vema alivyoanguka. Kila safari ni mstari mmoja tu katika jalada. Mistari hiyo ikisomwa pamoja, tena katika majalada ya maelfu ya watu, ndipo ugonjwa unapoonekana ulivyoanza na ulivyokua.

Waingereza wana bahati ya aina yake katika jambo hili. Tangu huduma yao ya afya ya Taifa ilipoanza mwaka 1948, karibu kila mtu ameandikishwa kwa daktari wa mtaa wake, na jalada lake humfuata anapohama. Mwaka 1987 ilianzishwa hazina ya kompyuta ya kukusanya kumbukumbu hizo bila ya majina. Baadaye hazina hiyo ikawa chini ya Serikali, na leo ina habari za watu wapatao milioni 60, wakiwamo waliokwisha hama au kufariki.

Nitatoa mfano mmoja wa kazi iliyofanywa kwa hazina hiyo. Mwaka 2010 watafiti walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 5,577 waliotibiwa uraibu wa heroini na dawa za jamii yake. Wagonjwa hao walikuwa wamepewa methadoni au buprenofini na madaktari wa mitaani kati ya mwaka 1990 na 2005. Maagizo ya dawa yaliyosomwa yalikuwa 267,003. Watu 178 walifariki wakiwa katika tiba au katika mwaka mmoja baada ya kuiacha. Watafiti walipopanga vifo hivyo kwa majuma, waliona jambo la kustusha. Hatari ilikuwa kubwa katika majuma mawili ya kwanza ya tiba, ikapungua, kisha ikapanda tena, na kwa ukali zaidi, katika majuma manne ya kwanza baada ya tiba kusimama. Sababu yake yajulikana: mwili uliozoea sumu hupoteza mazoea hayo mtu anapoacha, na akirudia kipimo chake cha zamani, kipimo hicho humwua. Uchunguzi ulionyesha pia kwamba tiba ikidumu mwaka mmoja au zaidi, uwezekano wa kupunguza vifo wapita asilimia 85.

Tazameni maana yake kwa mtu wa kawaida. Mama ambaye mwanawe ameacha methadoni, naye anamshukuru Mungu kwamba kijana amepona, yafaa aambiwe kwamba mwezi huo ndio wa kumwangalia zaidi. Hakuna daktari mmoja ambaye angeligundua hili peke yake. Daktari mmoja ana wagonjwa wachache wa namna hiyo. Akifiwa na mmoja husema ni ajali, akifiwa na wa pili husema ni bahati mbaya. Ni kumbukumbu za wengi zilizofanya ajali ile ionekane kuwa ni kanuni.

Tena kumbukumbu humulika hata makosa ya waganga wenyewe. Mwaka 2019 idara ya afya ya jamii ya England ilitoa ripoti kutokana na kumbukumbu za dawa zilizotolewa kwa wagonjwa. Ilionekana kwamba katika mwaka ulioishia Machi 2018, watu wazima milioni 11.5, yaani mmoja katika kila wanne, walipewa angalau dawa moja ya makundi ambayo mtu aweza kuyategemea au kupata taabu anapoyaacha: dawa za maumivu makali, za usingizi, za wasiwasi na za huzuni. Uraibu, basi, haukai vichochoroni peke yake. Waweza kuanza na karatasi safi yenye sahihi ya daktari.

Sasa, ndugu zangu, tuitazame hatari. Mwaka 1968 Uingereza ilipitisha kanuni ya kumlazimu daktari amwandikishe mraibu wa heroini au kokeini katika rejesta ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Jina lilipelekwa katika wizara ileile inayosimamia polisi. Wajibu huo uliondolewa mwaka 1997. Rejesta ya namna hiyo huhesabu wale tu waliothubutu kujitokeza. Aliyeogopa hakuonekana, na aliyeogopa ndiye mara nyingi aliyehitaji msaada kuliko wote.

Mfano wa pili ni wa karibu zaidi. Kuanzia Januari 2017 yalitumika makubaliano ya kuwapa maofisa wa uhamiaji wa Uingereza anwani za watu kutoka katika kumbukumbu za huduma ya afya. Madaktari na kamati ya Bunge walipinga, wakisema wagonjwa wataogopa kwenda kutibiwa. Mwezi Mei 2018 Serikali ikarudi nyuma kwa sehemu kubwa. Magonjwa yao hayakutajwa. Hata hivyo hofu ilitosha.

Mfano wa tatu ni wa mpango uliotangazwa mwaka 2013 wa kukusanya kumbukumbu za madaktari wote wa mitaani wa England. Nia ilikuwa njema, lakini wananchi hawakuelezwa vya kutosha ni nani atakayezisoma. Mpango ukasimamishwa mwaka 2014 na kufutwa mwaka 2016. Ulipoletwa mwingine mwaka 2021, zaidi ya watu milioni moja walijitoa katika muda mfupi, nao ukaahirishwa. Imani iliyopotea mara moja hairudi kwa kutangaziwa.

Wamarekani walilifahamu jambo hili mapema. Kwa sheria za mwaka 1970 na 1972 kumbukumbu za watu wanaotibiwa ulevi na uraibu ziliwekewa ulinzi wa pekee, zisitumiwe kumshitaki mgonjwa bila ya amri ya mahakama. Hoja yao ilikuwa nyepesi: mtu akijua kwamba mlango wa kliniki watokea kituo cha polisi, hataingia.

Na sisi je? Februari 2011 tiba ya methadoni ilianza katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, nayo imeenea katika vituo vingine. Mgonjwa hunywa dawa mbele ya mhudumu, siku hadi siku, na siku hizo huandikwa. Hiyo ni hazina. Lakini katika zahanati zetu nyingi bado mgonjwa hubeba historia yake katika daftari la shule alilolinunua dukani. Likilowa au likipotea, historia imekwisha. Vitabu vya MTUHA hutueleza wangapi walikuja na kwa maradhi gani. Aghalabu haviwezi kumfuata mtu mmoja kwa miaka kumi. Kwa hiyo kazi yetu ni mbili kwa pamoja: kujenga kumbukumbu, na kuzijengea ulinzi tangu tofali la kwanza.

Msingi wa sheria tunao. Ibara ya 16 ya Katiba yalinda faragha ya mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka habari za afya katika daraja la taarifa nyeti. Juu ya msingi huo mimi napendekeza masharti matano.

Kwanza, jina liondolewe, na tusidhani kwamba kuondoa jina kwatosha. Ukiandika "mwalimu mkuu, mwanamke, umri miaka 52, kata fulani", umekwisha kumtaja. Pili, mtafiti aende kwenye kumbukumbu, kumbukumbu zisimfuate mtafiti. Mwaka 2020 wataalamu wa Oxford na London walijenga mtambo wa namna hiyo: mtafiti hutuma hesabu yake, hupokea jumla, majalada hayatoki yalipo. Tatu, pawe na ukuta wa sheria kati ya kumbukumbu hizo na polisi, mwajiri na shule. Nne, wananchi waelezwe kwa lugha wanayoifahamu, na anayekataa akataliwe kwa heshima bila ya kunyimwa tiba. Tano, matokeo yarudi zahanati. Mganga anayejaza vitabu usiku kwa taa hafifu ana haki ya kujua vitabu vyake vilifundisha nini.

Na tukumbuke mpaka wa kumbukumbu zenyewe. Jalada huandika kilichosemwa na kilichoulizwa. Mganga asiyeuliza habari za pombe hana cha kuandika. Mwanamke anayeogopa kuchekwa hasemi. Kutoandikwa si kutokuwapo. Mtafiti asiyelijua hilo atatuambia kwamba mahali penye aibu kubwa ndipo penye afya njema.

Ndugu Walimu, mtoto ambaye baba yake yumo katika tiba asilijue hilo kutoka katika chumba cha walimu. Ndugu Watumishi, siku mtu atakapokuja na barua akitaka orodha ya majina "kwa ajili ya takwimu", muulizeni takwimu gani yahitaji majina. Na asipokuwa na jibu, orodha ibaki kabatini na ufunguo ubaki mfukoni mwenu. Nyuma ya kila jina pana mtu aliyejikaza kusema ukweli mara moja, na huenda asiuseme tena.