Tamu ya Nyumbani: Karanga, Ndizi na Mikono ya Watoto

Maongezi ya kikundi cha wamama kwenye mkutano wa chama. Tumeyaweka hapa kama yalivyosemwa, kwa ajili ya wanachama ambao hawakufika, na kwa wafadhili wetu.



Tulipoomba nafasi ya kuongea leo, baba mmoja alituuliza: "Wamama, tuko na matata ya mashamba, tuko na makuta ya shule ya kutafuta, na nyinyi munataka kuongea bomboni?" Ndiyo, baba, tunataka kuongea bomboni. Lakini si zile za duka. Tunataka kuongea tamu ambayo mtoto anaitengeneza yeye mwenyewe, nyumbani kwao, pembeni ya mama yake na wazee wake. Mtusikilize mpaka mwisho, kisha mtuambie kama ni mchezo.

Wengi wetu tulivuka Ziwa Tanganyika wakati wa vita vya mwaka 1996 na 1998. Tulikaa Lugufu, tulikaa Nyarugusu, wengine sehemu nyingine. Tangu mwaka 2005 meli zilianza kuturudisha Baraka, na Lugufu ikafungwa mwaka 2009. Wengine wangali wanarudi kidogo kidogo. Sasa, watoto waliozaliwa kambini wamekulia kwenye mstari. Mstari wa maji, mstari wa posho, mstari wa dawa. Unga, maharage, mafuta, chumvi: vyote vilikuja vimepimwa na mtu mwingine. Hatusemi hivyo kwa kukosa shukrani, kwa maana ile posho ndiyo iliyotuweka hai. Lakini mtoto aliyezoea kupokea tu, hajui bado kwamba mkono wake unaweza kutoa kitu.

Hata huku nyumbani tumeona wageni wakirusha bomboni kutoka kwenye gari, na watoto wakisukumana mpaka wadogo wakaanguka. Wageni walicheka vizuri, walifikiri ni furaha. Sisi wamama hatukucheka. Tulijiuliza: tutafanya nini ili mtoto wetu asikimbilie gari?

Kuna jambo la pili, nalo ni la lugha. Watoto wetu walirudi na Kiswahili cha Tanzania. Walipomwita mama wa baba yao "bibi", watu walicheka, kwa sababu hapa kwetu bibi ni mke wa mtu. Watoto wakaona aibu, wakaanza kunyamaza mbele ya wazee. Na wazee, ambao wengi wanaongea zaidi Kibembe au Kifuliru, nao wakanyamaza. Wanakaa nyumba moja kama wapangaji wawili. Lakini ukiweka ungo wa karanga katikati yao, mdomo unafunguka. Mtoto anauliza, mzee anaonyesha, na neno moja moja linapita.

Basi tuingie jikoni. Tumechagua tamu tatu, zote za vitu tulivyo navyo hapa.

Ya kwanza haihitaji moto mwingi, nayo inafaa hata watoto wadogo. Ni mipira ya karanga. Chukua vikombe viwili vya karanga, zikaange bila mafuta mpaka ziwe kahawia kidogo, kisha ziache zipoe. Kukaanga ni kazi ya mkubwa. Kuanzia hapo ni kazi ya watoto. Wazisugue kati ya viganja mpaka maganda yatoke, wapepete kwenye ungo, wachague. Kwenye kuchagua mtu mkubwa akae karibu, kwa maana karanga yenye ukungu, iliyonyauka au iliyobadilika rangi inatupwa. Ule ukungu una sumu inayoharibu ini, na kukaanga hakuiondoi yote. Usimpe kuku, usiirudishe kwenye gunia.

Karanga zikiwa safi, zitwangwe kwenye kinu pamoja na vijiko vinne au vitano vya sukari na chumvi kidogo sana. Endeleeni kutwanga hata baada ya kuwa unga. Mafuta ya karanga yenyewe yatatoka na unga utaanza kushikana. Hakuna maji, hakuna mafuta ya kuongeza. Watoto wanawe mikono, kisha kila mmoja aviringe mipira midogo kama kidole gumba. Ikivunjika, bado hamjatwanga vya kutosha.

Ya pili ni ile ambayo watoto wetu wameijua Tanzania kwa jina la kashata. Wazee hapa wanasema tu karanga ya sukari, na wazee wa upande wa Uvira wanakumbuka walivyoitengeneza na sukari ya Kiliba, kabla vita havijasimamisha kile kiwanda miaka ya 1990. Kwa hiyo hakuna wa kusema hii ni ya kule au ya huku. Ni yetu wote.

Vipimo ni rahisi: vikombe viwili vya karanga zilizokaangwa na kumenywa, kikombe kimoja cha sukari, robo kikombe ya maji. Watoto wafanye maandalizi yote, wapake sahani au ubao mafuta kidogo, kisha warudi nyuma. Weka sukari na maji kwenye sufuria nzito, juu ya mbabula yenye makala ya kiasi. Usikoroge sana. Itachemka, itakuwa nzito, kisha itaanza kugeuka rangi. Ikifika rangi ya asali, mwaga karanga zote kwa mara moja, geuza haraka kwa mwiko, mimina kwenye ubao. Itandaze kwa chupa iliyopakwa mafuta. Ikate ingali ya moto kidogo, kwa maana ikipoa kabisa itavunjika ovyo. Utapata vipande kama 20 au zaidi.

Hapa tuseme wazi, wamama. Sukari iliyoyeyuka si kama maji ya moto. Maji yakichemka yanafika digri 100, sukari yenye rangi ya asali inapita 150, tena inanata kwenye ngozi na haitoki. Kwa hiyo chora mstari chini kwa mkaa, hatua mbili kutoka kwenye mbabula, na hakuna mtoto wa kuuvuka mpaka sufuria iwe tupu. Hakuna wa kuonja kwa kidole. Na kama mtu ameungua, mwagie maji safi ya baridi kwa dakika 20, kisha mpelekeni kituo cha afya. Usipake dawa ya meno, usipake mawese, usipake majivu.

Ya tatu ni mikate midogo ya ndizi na unga wa mihogo. Hii haitaki sukari hata kijiko kimoja, nayo inaokoa ndizi ambazo zingetupwa. Tafuta ndizi ndogo tamu zilizoiva sana, zile ambazo ganda limeanza kuwa jeusi. Watoto wamenye, waponde kwa mikono mpaka pasibaki mabonge. Ongeza unga wa mihogo kidogo kidogo, huku mtoto akikanda, mpaka donge liache kunata mkononi. Usiweke maji. Litandazeni liwe na unene wa kidole, mkate kwa mdomo wa kikombe. Mtu mkubwa akaange kwenye mafuta ya moto wa kiasi. Moto ukiwa mkali, nje itaungua na ndani itabaki mbichi.

Unga uwe wa mihogo iliyolowekwa siku tatu au zaidi na kuanikwa mpaka ikauka kweli. Tunajua wakati wa njaa watu wanafupisha siku za kuloweka. Tusifanye hivyo. Mihogo michungu ambayo haikulowekwa vizuri ina sumu, na mwili ukiila kwa muda mrefu bila chakula kingine cha kutia nguvu, unaweza kupata konzo, ugonjwa unaolemaza miguu ya watoto na wamama. Wazee wetu walikuwa na sababu ya kungoja zile siku.

Tumejaribu tamu hizi tatu na watoto wetu, na tumejiwekea utaratibu ambao tungependa kila nyumba iuchukue.

Kwanza, kila mtoto apewe kazi ya umri wake. Wa miaka mitatu au minne aoshe ndizi na aviringe mipira. Wa miaka saba apime kwa kikombe na ahesabu kwa sauti. Hapo hesabu ya shule inaingia bila fimbo. Wa miaka 12 anaweza kukata kashata chini ya macho ya mama. Na tunaposema mtoto tunasema pia mvulana. Wababa, msiwaite vijana wenu kutoka jikoni. Kambini wengi wenu mlipika wenyewe na hamkufa.

Pili, mtoto wa chini ya miaka mitano asipewe karanga nzima wala kashata ngumu, kwa maana zinaweza kumkaba. Yeye apewe ile iliyotwangwa vizuri, kipande kidogo, akiwa amekaa. Akikimbia huku anakula, mnyang'anye.

Tatu, anayegawa ni mtoto aliyetengeneza. Aanze na mzee wa nyumba, afuate mtoto wa jirani, yeye mwenyewe awe wa mwisho. Mwanzoni watoto walilalamika. "Mama, itaisha!" Mwacheni agawe. Jirani ambaye hakukimbia, ambaye alibaki hapa na kuvumilia vita, mara nyingine anatuona kama watu wa misaada. Mtoto wako akimpelekea mtoto wake kipande cha kashata juu ya sahani, hapo hakuna mrudi wala mbaki. Wazazi watasalimiana juu ya ile sahani, na hata matata ya mpaka wa shamba yataongelewa kwa sauti ya chini zaidi.

Nne, hii si biashara ya watoto. Tunajua ukitengeneza vizuri, mtu atakuambia: mpe mtoto sinia, aende sokoni. Mama akitaka kuuza, auze yeye, ni haki yake na tutamuunga mkono. Mtoto saa ile awe darasani.

Tano, sukari ni ya siku moja moja, si ya kila siku. Baada ya kula, kila mtu asukutue kwa maji. Na siku ambayo hakuna makuta ya sukari, tengenezeni ya ndizi. Watoto hawatauliza.

Wafadhili wetu, tunamalizia na nyinyi. Hatuwaombi bomboni, na tafadhali mkitutembelea msilete za kurusha. Mkitaka kusaidia kazi hii, tunahitaji mbegu za karanga za msimu ujao na sufuria mbili nzito zenye mishikio imara za kutumiwa na kikundi. Karanga tutalima wenyewe. Mkija, mtakaa kwenye jamvi, na mtoto atakuletea sahani. Pokeeni kwa mikono miwili, museme asante. Hilo litamfaa kuliko mfuko mzima wa duka.

Na wewe baba uliyetuuliza, mkutano ujao uje na mtoto wako na kikombe kimoja cha karanga. Kila nyumba ilete hivyo hivyo, na kila nyumba yenye mzee imbebe mzee wake, hata kama ni kwa baiskeli. Sukari ya siku hiyo itatoka kwenye sanduku la kikundi, tumeshaikubali sisi wamama. Tutaanza saa tatu asubuhi, kabla jua halijawa kali. Mbabula tutawasha sisi, kuchagua karanga mtafanya nyinyi wababa.